Jibu kwa mpwa wangu kuhusu mchoro wa mwaka 1975

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu zako zimenifikia, pamoja na picha ya kile kijarida chetu cha wanafunzi cha mwaka 1975 ulichokikuta kwenye sanduku la bibi yako. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, kama mchoro wa ukurasa wa mbele ni wa mkono wangu, maana ninyi vijana mnataka kuuweka kwenye bango la mkutano wenu wa kuwaunga mkono watu wa Gaza. Pili, kama ni kweli, kama mnavyoambizana barazani, kwamba huku Ujerumani sisi wageni tumefungwa midomo na Wayahudi. Mchoro ni wangu. Ninakuomba msiutumie, na nitakueleza sababu kwa urefu, kwa kuwa jambo hili nimekaa nalo moyoni miaka mingi bila kulisema nyumbani.

Wakati ule Tanzania ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Israel tangu mwaka 1973, PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ilikuwa na ofisi Dar es Salaam, na Novemba 1975 nchi yetu ilipiga kura kuunga mkono azimio namba 3379 la Umoja wa Mataifa, lililotamka kwamba Uzayuni, yaani harakati za Wayahudi za kuwa na taifa lao Palestina, ni aina ya ubaguzi wa rangi. Azimio hilo lilifutwa mwaka 1991. Sisi wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tuliwaona Wapalestina kuwa ndugu wa wapigania uhuru wa Msumbiji na Afrika Kusini, na kwa hilo sijuti hata leo. Lakini utazame vizuri mchoro wenyewe. Sikuchora kifaru, wala askari, wala shamba lililoporwa. Nilichora mzee mwenye pua iliyopinda kama mdomo wa mwewe, ameikalia dunia, na vidole vyake virefu vimeshika mirija iliyochomekwa Afrika. Mzee nilimnakili kutoka kwenye kijitabu kilichotoka Moscow. Mirija niliiongeza mwenyewe, kwa sababu habari za kupe na mirija, yaani wanyonyaji na njia zao za kunyonya jasho la wengine, tulizila na kuzinywa kila siku.

Miaka kadhaa baada ya kuhamia Berlin niliingia kwenye maonyesho ya historia, nikajikuta mbele ya kabati la kioo lenye ukurasa wa Der Stürmer, gazeti la Wanazi la kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi, lililotoka kuanzia 1923 hadi 1945. Pua ni ile ile, vidole ni vile vile. Nilisimama pale hadi mlinzi akaja kuniuliza kama ninaumwa.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi tulikuwa tunafikiri nini. Septemba 1972 Idi Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, telegramu ya kumsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi milioni sita, na ilikuwa miezi ile ile alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka nchini. Sisi tulimpinga Amin karibu katika kila jambo, ila sikumbuki hata jioni moja tuliyoijadili telegramu hiyo. Tungeijadili, labda tungetambua kwamba tulivyozoea kuwasema Wahindi wa Uhindini, mtaa wa maduka yao Dar es Salaam, kwamba wote ni kupe, hakukuwa mbali sana na maneno yake. Tulidhani ukishakuwa mjamaa huwezi kuwa mbaguzi. Huo ndio uliokuwa upofu wangu, na sikuupata Ulaya. Nilitoka nao nyumbani.

Sasa kuhusu hali ya huku. Shirika la RIAS, linaloorodhesha matukio ya chuki dhidi ya Wayahudi nchini Ujerumani, liliandika matukio 4,782 mwaka 2023 na 8,627 mwaka 2024. Oktoba 18, 2023, watu walirusha chupa za petroli kwenye jengo la Wayahudi lenye sinagogi katika mtaa wa Brunnenstraße, hapa Berlin. Katika mtaa huo huo, mbele ya nyumba namba 193, kuna kibamba cha shaba kilichopachikwa njiani chenye jina la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyefundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha hapa. Alikamatwa mwaka 1941 kwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akafa katika kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen Novemba 1944. Sheria za damu za Nuremberg za mwaka 1935, zilizokataza ndoa na mapenzi na Wajerumani, zilitungwa dhidi ya Wayahudi, na kabla mwaka haujaisha zilishapanuliwa kutugusa sisi weusi.

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama mzee wa Kiyahudi kutoka Odessa. Kwenye mwimo wa mlango wake palikuwa na mezuza, kikasha chembamba chenye maneno ya Torati. Mwishoni mwa mwaka 2023 alikihamishia ndani, yakabaki matundu mawili ya skrubu ambayo ninayapita kila nikishuka ngazi.

Kufungwa midomo kupo. Oktoba ile polisi wa Berlin walipiga marufuku maandamano kadhaa ya kuwaunga mkono Wapalestina, hata waliofiwa na ndugu zao wakakosa mahali pa kulia pamoja, na nimelipinga hilo hadharani. Lakini walioamua ni wakuu wa Ujerumani, si yule mama. Nimeandamana mara kadhaa tangu hapo, na siku moja mtu nyuma yangu alipiga kelele za kuwatakia Wayahudi kifo. Nilitembea hatua kama mia nikijifanya sijasikia, ndipo nikageuka kumkabili. Zile hatua mia bado zinaniuma.

Kwa hiyo fanyeni mkutano wenu, na kwenye bango andikeni mnachokidai: vita vikome, chakula kipite, watu warudi makwao. Kijarida usikichome wala usimpe mtu. Kirudishe sandukuni kwa bibi yako, na nikija Desemba tutakaa nacho wewe na mimi, pamoja na wenzako wote watakaotaka kuniuliza.

Ni mimi mjomba wako,
Berlin