Mirathi na talaka: maswali kutoka Lamu na Malindi

Maswali ya safari hii yote ni ya mali ya urithi ndoa inapovunjika. Tumeyajibu kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013, na kwa sharia ya Kiislamu pale inapohusika.

*Nyumba ya mawe hapa Mkomani niliachiwa na marehemu baba kabla sijaolewa. Tumekaa humo miaka 12. Mume ameniacha, na sasa anadai nusu kwa kuwa alilipia boriti na chokaa. Ana haki?*

Nusu, hapana. Lakini usilale, Bi. Kifungu cha 5 kinaitoa mali uliyorithi kabla ya ndoa nje ya mali ya ndoa, ila kiko chini ya masharti ya cha 6, na hicho kinahesabu nyumba mnayokaa kama familia kuwa mali ya ndoa hata kama mwenyewe ni mmoja. Hapa ndipo wengi hushtuka wakiwa tayari mbele ya hakimu.

Hata hoja hiyo ikikubaliwa, mumeo hapati kwa sababu ni mume. Anapata kwa kadiri alivyochangia, na kuthibitisha ni juu yake. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba usawa wa wanandoa ulio kwenye Katiba hauna maana ya kukata mali nusu kwa nusu. Na nyumba ikihesabiwa kuwa yako peke yako, kifungu cha 9 bado kinampa aliyeiboresha haki inayolingana na alichotoa. Kwa hiyo mtabishana juu ya kiasi: boriti ngapi, mwaka gani, fundi alilipwa na nani. Tafuta risiti na ujumbe wa malipo ya simu, zako na zake. Kama sehemu ya matengenezo ililipwa kwa kodi ya vyumba ulivyopangisha, itaje mapema na uonyeshe hesabu yake.

*Shilingi 900,000 za mirathi ya mama nilizitia kwenye akaunti yetu ya pamoja. Tumelipa karo, tukanunua tuktuk, zimebaki 310,000. Zote ni zangu?*

Za karo zimekwisha, ndugu yetu, usizipiganie. Kwa zilizobaki, kifungu cha 14 kinachukulia kuwa mali yenye majina mawili ni yenu sawasawa mpaka mmoja athibitishe vinginevyo. Leta taarifa ya benki ya siku pesa zilipoingia, na karatasi ya mgao wa mirathi yenye kiasi hicho hicho. Kinachoharibu ni mishahara: ikishaingia na kutoka humo miezi mingi, haijulikani tena shilingi ipi ni ya mama. Tuktuk hata ikiwa na jina lako tu, sheria inaanza kwa kudhani unaishika kwa niaba ya mwenzako pia, basi onyesha ilinunuliwa kwa pesa zipi.

Ambaye mirathi yake bado iko njiani afungue akaunti yake mwenyewe kabla pesa hazijafika.

*Nilijenga kwa pesa za urithi kwenye kiwanja cha mume, Gede. Hati ni yake. Nimepoteza?*

Hujapoteza, dada, ila una kazi. Hati yenye jina lake haifuti mchango wako, na nyumba mnayokaa ni mali ya ndoa. Sheria inahesabu pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto na kilimo kuwa mchango. Tatizo tunaloliona mara kwa mara ni hili: mke anampa mume pesa taslimu, mume anamlipa fundi, na risiti za saruji na mabati zinaandikwa jina la mume. Kisha mume anadai alipewa zawadi, na kifungu cha 15 kinachukulia kuwa zawadi kati ya wanandoa ni ya aliyepokea.

Mwombe fundi na mwenye duka la vifaa waandike hati za kiapo. Linganisha tarehe za kutoa pesa benki na hatua za ujenzi: msingi, kuta, paa. Kisha wakili aweke zuio kwenye ofisi ya ardhi, kiwanja kisije kikauzwa kesi ikiendelea. Ambaye hajaanza aandikishe makubaliano kabla ya kuchimba msingi, na alipe mwenyewe kutoka akaunti yake.

*Twende kwa kadhi au Mahakama Kuu?*

Kwa kadhi lazima nyote muwe Waislamu na nyote mkubali kusikizwa pale. Asiyekubali aseme siku ya kwanza. Katika sharia mali ya kila mmoja ni yake, na mke aliyeachwa ana mahari iliyobaki, matunzo ya eda na mutaa, yaani kitulizo cha kuachwa. Kwa mwenye mirathi, hiyo ni njia nyepesi. Lakini mama aliyelea na kupika miaka 20 bila risiti yoyote azungumze na wakili kuhusu Mahakama Kuu ya Malindi kabla ya kutia sahihi popote.

*Mke wangu anataka shamba la minazi la baba lihesabiwe. Mzee yu hai.*

Halimo. Aliye hai harithiwi. Lakini kama mzee amekwisha kukukatia kipande na kukuandikia, hicho ni chako tangu sasa, na mkeo akiwa amekipalilia na kuangua nazi zake, kazi hiyo itahesabiwa.