Nataraja: Anza na Miguu

Ukisimama kwa mara ya kwanza mbele ya sanamu ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, anayecheza, yaani Nataraja, anza na miguu. Najua jicho litakimbilia duara la miali ya moto na ile mikono minne, na wanafunzi wengi huanzia huko huko juu, wakakariri kila kitu maana yake, halafu wakikutana na sanamu yenyewe hawana la kusema. Shika kwanza kilicho chini. Mengine yatafuata.

Mguu wa kulia umekunja goti kidogo, umesimama juu ya mgongo wa kijitu aliyelala kifudifudi. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, anaitwa Apasmara; Watamil wa India ya Kusini humwita Muyalakan. Ndiye ujinga, lakini si ujinga wa asiyejua kusoma. Ni usahaulifu wa roho isiyojua asili yake. Inama umtazame vizuri. Yu hai. Mara nyingi ameinua kichwa, na katika sanamu nyingine ameshika nyoka mkononi. Amedhibitiwa, hajauawa, na tofauti hiyo ina uzito kuliko wageni wanavyodhani. Kuna kisa kinachosimuliwa cha wahenga wa msituni waliojivunia matambiko yao hata wakaona hawamhitaji Shiva. Wakamtumia chui milia. Akamchuna, akavaa ngozi yake. Wakamtumia nyoka, akamfanya pambo. Wakamtumia kijitu huyu. Akamkanyaga na kuanza kucheza. Kwa hiyo ukiona nyoka kwenye mkono wa Shiva, usiandike tu “hatari” ukaendelea na safari. Hiyo ni silaha iliyogeuzwa pambo.

Mguu wa kushoto uko hewani. Sasa fuata mkono wa mbele wa kushoto: umekatiza kifua, kiganja kimelegea kuelekea chini, ndiyo ishara wanayoiita mkono wa tembo kwa jinsi unavyoning'inia kama mkonga. Unaelekeza mguu ule ulioinuliwa. Sanamu yenyewe inakuonyesha mahali pa kutazama, na bado watu wanatazama moto! Kwa muumini, mguu huo ndio kimbilio.

Ukishafika hapo, mikono iliyobaki haitakusumbua. Wa nyuma kulia umeshika damaru, ngoma ndogo yenye kiuno chembamba, inayotoa mdundo wa kuumba. Wa nyuma kushoto una moto unaoangamiza. Wa mbele kulia umefunguliwa kiganja: usiogope. Maandishi ya Kitamil yaitwayo Unmai Vilakkam, ya karne ya 13, yanayataja matendo matano ya Shiva kupitia umbo hili: kuumba, kulinda, kuangamiza, kuficha na kukomboa. Mawili ya mwisho hayako mikononi, yako miguuni. Mguu uliokanyaga huficha ukweli mpaka roho iwe tayari kuupokea; ulioinuliwa huokoa. Ndiyo maana mtu akikwambia Shiva ni “mungu mharibifu” basi, ujue ametazama mkono mmoja tu.

Hapa nawatahadharisha wenye haraka. Sanamu hizi za shaba zilikwisha kushamiri katika karne ya 10, zama za ufalme wa Chola wa India ya Kusini, na malkia Sembiyan Mahadevi anatajwa sana miongoni mwa walioeneza umbo hili mahekaluni. Maelezo ya matendo matano niliyoyataja yaliandikwa baadaye. Yatumie, ni mazuri na waumini wanayaishi, lakini usidai kwamba fundi wa kwanza aliyechonga mfano wa nta wa kutengenezea kalibu ya shaba alikuwa na orodha hiyo mbele yake. Vivyo hivyo kwa sanamu yenye urefu wa mita 2 ambayo serikali ya India iliizawadia CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, ikazinduliwa 2004. Kulinganisha uchezaji huu wa Shiva na mwendo wa chembe ndogo za maada kunapendeza, ila ni fikra ya karne ya 20.

Baada ya miguu, shuka zaidi, kwenye kitako. Utakuta mashimo au pete pembeni. Hapo ndipo miti au kamba hupita sanamu inapobebwa kwenda barabarani siku ya sikukuu, maana sanamu kuu ya hekalu huwa aghalabu ni ya jiwe na haitoki. Hekalu la Chidambaram, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, ni tofauti: Nataraja mkuu mwenyewe hutolewa nje kwa msafara, pamoja na mkewe Shivakami, mwezi wa Margazhi wa kalenda ya Kitamil, kati ya Desemba na Januari. Kabla ya kutoka, huogeshwa, hupakwa msandali, huvishwa hariri na mashada mpaka sehemu kubwa ya mwili haionekani. Yaani haya mapambo tunayoyahesabu makumbusho chini ya taa, mwabudu huenda asiyaone kabisa siku ile. Anachotafuta kwa macho ni uso, kiganja na mguu.

Uzuri wa kubebeka una balaa lake. Kinachobebwa na waumini hubebwa na wezi pia. Nataraja wa kijiji cha Sripuranthan, Tamil Nadu, aliibwa hekaluni, na mwaka 2008 jumba la taifa la sanaa la Australia likamnunua kwa dola milioni 5 za Marekani. Alirudishwa India mwaka 2014. Kwa hiyo kwenye daftari lako, kabla hujaandika chochote kuhusu moto na ngoma, andika sanamu ilitoka hekalu gani, ilitoka lini, na nani aliikabidhi. Kama kibao cha maelezo kinasema tu “India ya Kusini, karne ya 11”, muulize mtunzaji. Akikasirika, uliza tena kwa barua.