Vuli Inaanzia Chini: Ninavyoitambua Mapema Katika Msitu wa Epping

Kwetu Lushoto, kwenye milima ya Usambara nchini Tanzania, neno vuli lina harufu ya udongo uliolowa. Ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, maharage yanachipua kwenye matuta, milima inarudia ukijani baada ya baridi ya kipupwe. Nilipofika London, Septemba 2014, nikakuta neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa majira ya huku ambayo majani yanapukutika na mwanga unakimbia. Kichwani nilikuwa na picha ya nyumbani. Kilichokuja kilikuwa kinyume chake kabisa, na kilinikuta sijajiandaa.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu za alfajiri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi nzima zikarudishwa nyuma kwa saa moja, kama huku wanavyofanya kila mwaka, na kesho yake jua lilizama kabla ya saa 11 jioni. Nakumbuka nimesimama kituo cha basi nikitazama juu, nikidhani wingu la mvua limefunika mji. Kwa mtu aliyekulia karibu na ikweta, ambako mwaka mzima jua linazama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, lilikuwa jambo la kutisha. Novemba na Desemba siku zangu za mapumziko nilizimaliza kitandani. Mama alipiga simu sikupokea. Nilidhani ni uvivu au upweke wa ugeni, mpaka daktari aliponieleza Februari kwamba upungufu wa mwanga huwaangusha watu wengi hapa, hata wazawa, na vipimo vikaonyesha vitamini D yangu iko chini mno.

Ndiyo maana mwaka uliofuata nilianza kutembea msituni. Nawaandikia ninyi mliofika karibuni, au mtakaofika, mkiwa bado mnaona jua la Agosti na kuamini kwamba baridi iko mbali. Haiko mbali. Dalili zipo tayari, ila hazipo pale tunapozitafuta.

Msitu wangu ni Epping, upande wa kaskazini mashariki mwa London. Ni karibu hekta 2,400, na sheria ya Bunge ya mwaka 1878 iliuokoa usigawanywe mashamba na viwanja. Nashuka kituo cha treni cha Chingford, nakatiza uwanda wa nyasi ambako mara nyingine ng'ombe wenye pembe ndefu wanalisha, napita jumba la kale la mawindo lililojengwa mwaka 1543 kwa ajili ya Mfalme Henry VIII, kisha naingia kwenye miti hadi bwawa la Connaught, nalizunguka, narudi. Haizidi saa mbili. Nauli ni ndogo na kuingia ni bure.

Ushauri wangu wa kwanza ndio ninaousisitiza kuliko yote: chagua njia moja, irudie kila wiki, siku ileile. Usihangaike na misitu mipya kila Jumamosi. Mgeni anayepita mara moja anaona miti tu. Anayerudi mara ya sita anajua kwamba ule mti wa tatu baada ya daraja wiki iliyopita haukuwa na jani la njano, na leo unalo. Mimi nina daftari dogo la shule. Kila matembezi ukurasa mmoja, mistari minne au mitano, basi.

Anza wiki ya kwanza ya Agosti. Huku taasisi ya hali ya hewa inahesabu vuli kuanzia Septemba 1, na wanaofuata jua wanangoja Septemba 22 au 23, usiku na mchana zinapolingana. Msitu haungoji tarehe hizo.

Cha kwanza, tazama chini. Sisi sote tumezoeshwa na picha kutazama vilele vya miti, tukingoja majani mekundu. Lakini miti ya biichi na mialoni huwa ni ya mwisho kugeuka. Wa kwanza ni kangaga, yale majani mapana yaliyochanika kama manyoya, ambayo kufikia Julai yanamfika mtu kifuani. Mwanzoni mwa Agosti utaona ncha moja ya njano pembeni mwa njia, peke yake, kama kosa. Wiki inayofuata ziko kumi. Kufikia katikati ya Septemba uwanda mzima wa kangaga una rangi ya chai ya rangi, na bado juu kichwani kila kitu ni kijani. Baada ya kangaga angalia betula, mti mwembamba wa gome jeupe. Unadondosha majani madogo ya njano moja moja, na utayaona njiani yakiwa yametapakaa kama sarafu kabla hujaona tofauti yoyote juu ya mti wenyewe.

Cha pili, sikiliza. Hili lilinichukua miaka mitatu kulielewa. Mwezi Mei hadi Julai anga ya London ina teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu wanaopiga kelele wakikimbizana juu ya mapaa. Wanafika Mei, wanazaa, na wiki ya kwanza ya Agosti wengi wameshaondoka. Wanavuka Sahara kwenda kwenye misitu ya Kongo, wengine hushuka hadi Msumbiji. Hawaagi. Unagundua tu kwamba jioni imekuwa kimya. Ukimya huo ndio ukurasa wa kwanza wa daftari langu kila mwaka, na sitaficha kwamba huniuma kidogo, maana wao wanakwenda upande wetu na mimi nabaki. Mbayuwayu hukawia hadi Septemba. Utawaona wamejipanga kwenye nyaya, wanaruka kidogo, wanarudi, siku baada ya siku, halafu asubuhi moja nyaya tupu. Wa Uingereza huelekea Afrika Kusini.

Katika ukimya huo husikika ndege mmoja mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, robini. Julai hunyamaza akibadilisha manyoya. Agosti anaanza tena kuimba, ila si wimbo ule wa majira ya kuchipua. Huu ni mwembamba, wa taratibu, unaoshuka kama maji yanayodondoka. Robini dume na jike wote huimba wakati huu, kila mmoja akilinda eneo lake la chakula kwa ajili ya baridi. Ukimsikia, jua kwamba kiumbe mwenye uzito usiofika hata gramu 25 ameshaanza kujipanga. Nami hapo ndipo ninapokwenda dukani kwa mitumba kutafuta koti, maana Agosti makoti mazuri hayajagombaniwa.

Tahadhari kuhusu dalili za uongo. Mwaka wa pili niliuona mti mkubwa wa mchesnati karibu na kituo, majani yake yamekauka rangi ya kahawia mwishoni mwa Julai, nikamwambia kila mtu vuli imewahi. Haikuwa vuli. Ni funza wa nondo mdogo wanaokula ndani ya jani, mdudu aliyeonekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2002, hapahapa London, na tangu hapo michesnati mingi huonekana imezeeka kabla ya wakati. Ukiinua jani dhidi ya mwanga utaona mabaka yaliyofungwa kati ya mishipa. Mwaka 2022 ulikuwa na udanganyifu mkubwa zaidi. Julai 19 joto lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika historia ya vipimo vya nchi hii, ukame ukaendelea, na Agosti betula zikamwaga majani njia nzima. Ule ulikuwa mti kujihami na kiu: ukikosa maji unapunguza majani ili usipoteze unyevu. Jani la ukame aghalabu hukauka likikunjamana kuanzia kingoni, na huanguka likiwa limepauka, kahawia au kijani kilichofifia. Jani la vuli ya kweli hugeuka kwanza. Mti huondoa ule ukijani wa klorofili, njano iliyokuwa imefichwa ndani yake muda wote inajitokeza, kisha penye kikonyo panajengwa utando unaolikata jani polepole.

Kinachouamuru mti kufanya hivyo, pamoja na ubaridi, ni urefu wa usiku. Hapo ndipo dalili ninayoiamini kuliko zote. Agosti 1 jua la London linazama karibu saa 2:50 usiku. Septemba 1, saa 1:45. Oktoba 1, saa 12:40 jioni. Mwezi Septemba, ukijumlisha asubuhi na jioni, unapoteza karibu dakika nne za mwanga kila siku, karibu nusu saa kwa wiki. Mimi naipima kwa benchi moja pale bwawani: naandika ni saa ngapi kivuli cha miti ya ng'ambo kimelifikia. Ukiona kwa macho yako kivuli kikisogea wiki hadi wiki, siku ya kurudisha saa nyuma haikushtui, kwa sababu umeiona ikija kwa miguu yake.

Septemba mambo yanafululiza na siwezi kuyaeleza yote. Beri nyeusi za vichakani zinaiva na kuoza. Asubuhi utando wa buibui umejaa umande kila kichaka. Binti yangu, ambaye amezaliwa huku na ana macho makali kuliko yangu, ndiye aliyenionyesha ndege wa jamii ya kunguru mwenye manyoya ya buluu bawani akibeba mbegu za mwaloni na kuzifukia ardhini moja moja. Hufukia maelfu kwa msimu, na anazozisahau huota. Uyoga nao hutokeza baada ya mvua, hasa ule mwekundu wenye madoadoa meupe chini ya betula. Wengi wetu tumekulia kuchuma uyoga na mikono inawasha. Usichume. Epping ni marufuku, na zaidi ya hapo ujuzi wa uyoga wa Usambara haukusaidii huku. Kuna aina moja yenye rangi ya kijani hafifu, inayofanana na ya kuliwa, ambayo huua ini.

Kupe wapo hadi vuli, na kangaga ni makazi yao. Vaa suruali ndefu, ingiza ndani ya soksi, na ukirudi jikague nyuma ya magoti na kwenye kinena. Ukimkuta, mng'oe na kibano kwa kumshika karibu na ngozi, bila kumbinya tumbo. Ukiona baadaye duara linalotanuka kwenye ngozi, nenda kwa daktari, mwambie ulikuwa msituni. Kwenye ngozi nyeusi duara hilo halionekani jekundu waziwazi, kwa hiyo litazame kwenye mwanga mzuri.

Na vidonge vya vitamini D. Ushauri wa serikali ni mikrogramu 10 kwa siku, kwa watu wote, vuli na majira ya baridi. Sisi wenye asili ya Afrika tunashauriwa kuvifikiria mwaka mzima. Mimi nanunua kopo jipya wiki ninayoona ncha ya kwanza ya kangaga. Wiki hiyohiyo namwomba msimamizi wangu kazini anipangie, kuanzia Novemba, angalau siku moja katikati ya wiki ninayoweza kuwa nje saa 6 mchana. Ukiomba Agosti unapata. Ukiomba Novemba, ratiba imeshajaa.

Matembezi nayo nayasogeza. Agosti natoka saa 11 jioni, Septemba saa 9, na saa zikirudishwa nyuma natoka saa 5 asubuhi ili nisipoteze hata dakika ya jua. Mwishoni mwa Oktoba biichi zinageuka rangi ya shaba, treni za Chingford zinajaa watu wenye kamera, na wengi wanasema vuli imeanza. Mimi nawasalimia, naendelea hadi kwenye benchi langu. Daftari limeshafika ukurasa wa 13, na mama akipiga simu, napokea.