Mtoto kapewa kipaimara na askofu msaidizi, arudie?

SWALI: Shikamoo mhariri. Binti yangu kapata kipaimara mwezi uliopita hapa Dodoma, sisi ni Waanglikana, tumejiandaa weee hadi gauni jeupe, siku yenyewe baba askofu kasafiri akaja askofu msaidizi. Mama mkwe anasema hiyo ni nusu kipaimara, eti mtoto asubiri arudie kwa askofu mwenyewe. Nimekosa raha kabisa.
– Mama wa binti, Dodoma

JIBU: Marahaba mama. Tulia, binti yako amepata kipaimara kamili na hakirudiwi. Askofu msaidizi ni askofu kabisa, kawekewa mikono na maaskofu wasiopungua watatu kama mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulivyoagiza mwaka 325, kwa hiyo kipaimara anatoa, mashemasi anawawekea mikono, makasisi pia.

Tofauti iko kwenye utawala. Dayosisi, yaani eneo la askofu, ina askofu mmoja tu mwenye kiti cha kuiongoza, huyo ndo anaongoza sinodi, yaani mkutano mkuu wa dayosisi, na ndo anampangia msaidizi wake aende wapi akafanye nini, na kiti kikibaki wazi msaidizi harithi hivi hivi, uchaguzi unafanyika, anaweza akapita yeye au mwingine. Hapo ndo wengi wanachanganya, wanaona hana kiti wanadhani na uaskofu hana.

Sasa mama mkwe mkumbushe kwa upole habari ya hapo hapo kwenu. Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika, Yohana Omari, alikuwa askofu msaidizi wa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, hiyo hiyo yenu ya Dodoma, enzi hizo ilikuwa kubwa mno, inashika mpaka Mwanza na Kigoma, askofu mmoja angezunguka saa ngapi jamani? Aliwekwa wakfu mwaka 1955 kanisa kuu la Namirembe, Kampala, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, siku moja na Festo Olang' na Obadiah Kariuki wa Kenya na Daniel Deng Atong wa Sudan, na wote wanne walikuwa wasaidizi! Olang' ndo akaja kuwa Askofu Mkuu wa Kenya mwaka 1970, na hakuwekwa wakfu upya, uaskofu ni ule ule alioupata Namirembe.

Kwa hiyo mama, Jumapili hii binti avae gauni lake aende mezani pa Bwana na wenzake, asisubiri mtu.