Shangazi Mezani: Watoto wanaochagua chakula na karamu ya mabinti wa kifalme

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Atlanta na mume wangu na watoto wawili. Mwezi wa saba tunakwenda Disney World kule Florida, na mama yangu atakuwa amekuja kututembelea. Binti yangu wa miaka 6 ameomba jambo moja tu: kula pamoja na mabinti wa kifalme, wale waigizaji wanaovaa kama mabinti wa filamu za Disney. Baba yake akaweka nafasi ya chakula cha jioni kwenye ukumbi wa Akershus, sehemu ya Norway pale EPCOT, moja ya bustani za Disney World. Nimesoma menyu, moyo ukanienda mbio. Binti huyu anakula wali mweupe, chipsi, mayai na kuku mkavu, basi. Mchuzi ukigusa wali, sahani inarudi. Kaka yake wa miaka 10 hataki hata harufu ya samaki. Na pale bei ni ya kila kichwa, ule usile. Mume wangu anasema kwa hela ile lazima watakula. Mama anasema mtoto anayekataa chakula hajaona njaa. Mimi naona tufute, tukale chipsi kwingine. Tena hatuli nguruwe. Nifanyeje?
Mama Wawili, Atlanta

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute. Badilisha saa.

Akershus hutoa pia kifungua kinywa, na hapo ndipo mahali pa binti yako. Asubuhi meza hujaa vitu vya Kimarekani: mayai ya kuvuruga, viazi, mikate, na vionjo vichache vya Kinorway pembeni. Mayai anakula, viazi anakula. Mabinti wa kifalme ni walewale, wanapita meza hadi meza, wanazungumza na watoto na kupiga nao picha. Bei ya asubuhi huwa chini ya ile ya jioni, na kwenu hilo si dogo, kwa sababu bei ya mtoto pale ni ya miaka 3 hadi 9. Kijana wako wa miaka 10 anahesabiwa mtu mzima. Kumlipia bei ya mtu mzima usiku ili akae ameziba pua mbele ya samaki ni kumwonea yeye na kuonea mfuko wa baba yake.

Kama asubuhi imejaa, nendeni jioni bila hofu. Kuna menyu ya watoto yenye vyakula vyepesi wanavyovijua. Mwombe mhudumu amletee binti mchuzi kwenye kibakuli cha pembeni, au asilete kabisa. Wahudumu wa pale wanapokea familia za kila namna siku nzima, ombi kama hilo halimshangazi mtu. Hata kaka mtu muulizie kama anaweza kupewa kutoka menyu ya watoto.

Jambo moja la kumwambia binti mapema: Elsa na Anna, wale dada wawili wa filamu ya Frozen, hawakai kwenye ukumbi huu. Wanaokuja mezani ni akina Belle, Ariel, Snow White na wenzao, kwa zamu. Elsa na Anna wana nyumba yao jirani, palepale upande wa Norway, na foleni yake. Nimeona mtoto akilia mlo mzima kwa sababu aliahidiwa Elsa, na chakula hakikuwa na kosa lolote.

Sasa nyumbani. Mna muda bado, na mtoto anayechagua chakula haogopi ladha peke yake, anaogopa kitu asichokijua. Woga huo ni wa kawaida kwa watoto wadogo, na wengi huhitaji kukiona na kukionja kitu mara 10 au zaidi kabla hawajakikubali. Basi mfahamishe. Wanorway wana mkate laini bapa unaoitwa lefse, mara nyingi wa viazi, na kwa macho ni chapati. Wana kababu za nyama ya kusaga, wao huziita kjøttkaker, za duara na mchuzi wa kahawia. Pika kababu zako kavu Jumamosi, mwekee binti moja kwenye sahani ya pembeni, mbali na wali wake, halafu nyamaza. Asipogusa, ondoa bila neno. Wiki inayofuata rudia. Msitaje safari wala Norway wakati huo, maana mtoto akigundua kababu ni mtihani, mmeshindwa.

Kijana mpe kazi. Huyu amekua, mabinti wa kifalme hawamhusu. Ukumbi umepewa jina la ngome ya Akershus iliyoko Oslo, na nje kuna kanisa la mbao la mtindo wa zamani wa Norway lenye maonyesho madogo ndani. Akasome habari za Wavikingi, awe ndiye mwenyeji wa bibi yake siku hiyo, amsomee menyu na kumwagizia. Mama yako ni mtu wa Tanga, samaki wa salmoni hatamshinda. Mwacheni ale kwa raha, na kijana akae upande wa pili wa meza.

Mume wako na mama yako nawaheshimu, lakini hapa sikubaliani nao. Wataalamu wa lishe ya watoto wana kanuni ambayo nimeifuata miaka mingi: mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi, wapi, mtoto anaamua ale au asile, na ale kiasi gani. Mkimlazimisha, mtoto hujifunza kwamba mezani ni mahali pa ugomvi, na chakula kile atakichukia miaka. Fikiria pia Belle anafika mezani kwenu na binti ana tonge shavuni na machozi machoni. Hela mnayolipa sehemu kubwa ni ya dakika zile za kuzungumza na kupiga picha. Zungumza na mama kabla hamjatoka nyumbani, kwa upole, mkiwa wawili. Mwambie: siku ile moja, mama, tumwache ale anachotaka.

Wasifike wameshiba, wala wasifike wamezidiwa na njaa. Disney inaruhusu kuingia na chakula chako bustanini, mradi si vyombo vya kioo wala kitu cha kuhitaji kupashwa moto. Beba vitafunio vyake vya kawaida, ale akiwa nje, saa mbili hivi kabla ya mlo.

Mkimaliza, piteni Kringla, duka la mikate la palepale Norway. Kuna andazi linaloitwa School Bread (tamka skuli bredi): unga wake una iliki, katikati kasta, juu nazi iliyokaushwa. Iliki na nazi! Wanorway hutia iliki kwenye mikate yao kama sisi kwenye mahamri. Hilo nina hakika hata binti ataliuma.

Kuhusu nguruwe, kuweni macho hasa asubuhi, kwa sababu bekoni na soseji ni vya kawaida kwenye meza za Kimarekani, na kababu za Kinorway wakati mwingine huchanganywa. Andikeni mahitaji yenu mnapoweka nafasi, kisha mrudie kumwambia mhudumu mkishakaa. Kwa kawaida mpishi huweza kuja mezani kuwaeleza nini kimo ndani ya nini. Muulize pia kuhusu mafuta ya kukaangia.

Ikiwa binti anazidi kupunguza vyakula, anapungua uzito, au anatapika akiona chakula kipya, hilo mpelekee daktari wake wa watoto.

Nafasi hufunguliwa siku 60 kabla, na za asubuhi huwahiwa. Ingia kwenye tovuti yao leo usiku, na usiifute ile ya jioni mpaka umeshika ya asubuhi mkononi.