Ukipima ziwa saa nne, umechelewa

Nyinyi mnaokuja kwa miezi mitatu ya mafunzo ya kazini kwenye vizimba vya samaki vya Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, nawaeleza kosa langu mapema. Makosa yenu mtayapata wenyewe, hayakosi.

Nilipoanza nilikuwa mtu wa saa nne. Napanda matatu mjini Kisumu, nafika ufuoni, nakunywa chai na mandazi, ndipo natia kipimo majini. Oksijeni miligramu sita, saba kwa lita. Naandika, narudi mjini. Jedwali langu lilipendeza kweli. Mlinzi wa vizimba, mzee ambaye sote tulimwita Jaduong' tu, siku moja akaniambia, "Kijana wangu, hawa samaki hulia usiku. Wewe huja wakishanyamaza." Nikacheka.

Haikupita wiki. Tulikuta samaki wa kizimba kizima wameelea, wamekufa, ngege wa karibu nusu kilo (tilapia, au sato kwa mliotoka upande wa Mwanza) waliobakiza siku chache kuvunwa. Midomo wazi, matamvua yamefunuka. Mwenye kizimba alikaa ukingoni mwa boti bila kusema neno, na mimi nilikuwa na jedwali langu mkononi linalosema maji ni mazuri.

Darasani nilikuwa nimeisoma sababu, ila sikuwahi kuihusisha na saa ya kuamka. Mchana mwani hutoa oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mwani huo huo huitumia, pamoja na samaki, pamoja na bakteria wanaokula mabaki ya chakula na kinyesi chini ya nyavu. Kiwango kinashuka pole pole usiku kucha, na hufika chini kabisa karibu na mapambazuko. Ghuba yetu ina kina kifupi na inapokea rutuba nyingi kutoka mashambani na mjini, kwa hiyo mwani ni tele: mchana namba inapanda, usiku inaporomoka. Upepo nao ukivuma vibaya huyapindua maji ya chini yasiyo na hewa yakaja juu. Ngege huanza kutaabika chini ya miligramu tatu. Asubuhi iliyofuata nilitoka na Jaduong' kukiwa bado giza. Kabla sijatoa kipimo kwenye mkoba alinyoosha tochi: samaki wa kizimba cha jirani walikuwa wote juu, wanapiga midomo kwenye uso wa maji, cho-cho-cho, kama mvua ndogo. Ndicho kilio alichokisema. Kipimo kilisoma moja nukta nne. Tukasimamisha chakula siku hiyo, maana samaki aliyeshiba huhitaji oksijeni zaidi.

Kipimo chenyewe nacho msikiamini hivi hivi. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kile kisichojirekebisha chenyewe, usipokiingizia mwinuko huo, kitadhani uko Mombasa na kitakuzidishia namba kwa zaidi ya asilimia kumi. Nimewahi kurithi kimoja kilichotumika hivyo msimu mzima. Kurekebisha daftari zima ni kazi ya kukonda.

Kupima uzito wa samaki: usirushe chakula kisha ukachota wanaokimbilia. Hao ni walafi wakubwa. Utamwambia mfugaji samaki wake ni gramu 400, atawapa chakula cha samaki wa gramu 400, na wadogo waliojificha chini watakufanya mwongo siku ya kuvuna, huku chakula kilichozidi kikizama kuoza palepale. Inua wavu kutoka chini, wabane upande mmoja, ndipo uchote bila kuchagua. Mikono itauma.

Andika kwa penseli. Kalamu ya wino na maji ya ziwa hazipatani. Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayosimamia utafiti, kiwe mkononi kabla hujauliza mtu swali la utafiti, na hata nacho, anza kwa viongozi wa BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo huo. Wasalimie, kaa, ngoja wakuulize umekuja kwa nini.

Na mkimaliza, rudini na majibu. Kuna ufuo ambao mimi sikurudi. Nilihojiana na akina mama wanaoanika omena (dagaa), nikahesabu hasara yao siku za mvua, nikaandika ripoti, nikaondoka. Miaka miwili baadaye nilipopita tena, mama mmoja akanikumbuka: "Wewe si yule wa maswali? Haya, tulipata ngapi?" Sikuwa na namba hiyo kichwani, na ripoti ilikuwa kwenye kompyuta mjini. Nilimpelekea wiki iliyofuata, ukurasa mmoja kwa Kijaluo. Aliusoma wote amesimama, kisha akaniambia hesabu ya Aprili si sahihi. Alikuwa na haki: kuanzia tarehe 1 Aprili uvuvi wa omena hufungwa, na mimi nilikuwa nimeuhesabu kama mwezi wa kawaida.

Boti hutoka saa kumi na moja alfajiri. Bebeni sweta na tochi.