Upepo unanimalizia udongo shambani, nakosea wapi?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Shamba langu ni tambarare, kiangazi upepo ukianza vumbi linatimka mpaka sioni mpaka wa shamba, na miche ikiota majani yanakuwa kama yamepigwa msasa. Nikivuna nachoma mabua yote, nalima mapema na kupiga haro hadi udongo unakuwa kama unga, mvua inikute tayari. Nimejenga na ukuta upande unakotokea upepo lakini wapi. Nisaidieni.

JIBU: Pole sana ndugu msomaji, hiyo inauma kwa sababu hilo vumbi linaloondoka ndio lenye rutuba yenyewe. Ila usiangalie vumbi la juu, angalia chini. Kuna chembe za kama milimita 0.1 mpaka 0.5, hizo haziruki mbali, zinarukaruka chini ya sentimita 30 hivi, zikitua zinagonga zingine nazo zinaruka, ndio zinazotimua vumbi na ndio hizohizo zinazokwaruza miche yako. Sasa wewe ukichoma mabua na kusaga udongo unazifungulia njia.

Kwa hiyo kwanza acha kiberiti. Mabua yaache yamesimama hivyohivyo mpaka karibu na kupanda, yaliyosimama yanavunja upepo kuliko yaliyolala, na kasi ya upepo ni kitu cha kuogopa kweli maana ikizidi mara 2 tu nguvu yake ya kubeba udongo inazidi karibu mara 8. Haro nayo punguza, mabonge yabaki.

Ukuta haupitishi kitu, upepo unaruka juu yake halafu unashuka nyuma unazunguka kwa fujo. Panda miti mistari miwili mitatu, inayopitisha karibu nusu ya upepo, na matawi yaanzie chini kabisa. Kinga yake inafika kama mara 10 ya kimo, yaani miti ya mita 5 inakulindia mita 50 hivi, na usiache pengo katikati maana upepo ukibanwa pale unapita kwa kasi zaidi.

Miti inachukua miaka, najua. Kwa msimu huu kama udongo umeshaanza kuondoka na bado una unyevu kidogo, inua matuta yanayokatiza upepo ili mabonge yatoke juu, kama ni mchanga mtupu matuta hayatadumu, hapo tandaza mabua au samadi yenye majani mengi, anzia upande upepo unakoingilia.